Si Mapenzi Hayo, Ni Kiingilio!

Naomba nafasi katika kurasa za jarida letu nimalizie maneno ambayo kengele ilinikata nikiwa nayo mdomoni.

Wengi wenu mngali mnaukumbuka mdahalo wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa kwamba sarakasi za Marekani za zamani ndizo zilizowafunza watu kumpenda ndovu. Mimi nilikuwa upande wa upinzani, msemaji wa mwisho, na nilipewa dakika tatu. Tatu! Nilikuwa hata sijaufikia mwaka wa 1820 kengele ikalia (mtunza saa wetu alikuwa ameshasikia harufu ya githeri kutoka jikoni), kura zikapigwa, nasi tukabwagwa vibaya. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nakubali. Lakini kushindwa na kengele ni kitu kimoja, na kushindwa na hoja ni kitu kingine kabisa.

Kilichotumaliza siku ile ni Jumbo. Mtetezi mkuu, kaka yetu wa Kidato cha Nne ambaye ulimi wake mnaujua, alisimama akatuambia kwamba ndovu mashuhuri kuliko wote duniani alikuwa na jina la Kiswahili. Kwamba Jumbo ni "jambo" ama "jumbe". Na kwamba watoto wa Uingereza walimlilia alipouzwa Marekani. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nani angethubutu kukipinga Kiswahili ndani ya Chama cha Kiswahili? Kwa Jumbo nitarudi. Kwanza tuanzie mwanzo, maana ukiambiwa kuna mapenzi, uliza yalianzia wapi.

Yalianzia melini. Tarehe 13 Aprili 1796, merikebu iliyoitwa America ilitia nanga New York ikitoka Calcutta, Bara Hindi. Nahodha wake, Jacob Crowninshield, alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. (Jina la Salem lishikeni, tutakutana nalo tena.) Kule Bara Hindi alikuwa amemnunua ndovu jike mchanga, wa umri wa miaka miwili hivi, kwa dola 450. Njiani walitua katika kisiwa cha Saint Helena, na mmoja wa maofisa wa merikebu, Nathaniel Hathorne, baba yake yule mwandishi wa riwaya Nathaniel Hawthorne, akaandika katika daftari la safari kwamba wamepakia majani mabichi ya ndovu. Basi. Ndivyo ndovu wa kwanza kufikishwa Marekani alivyoingia katika maandishi: bei yake na chakula chake. Jina hakupewa. Habari za wakati huo zilisema kwamba aliuzwa New York kwa dola 10,000.

Hebu pigeni hesabu. Dola 450 zimekuwa 10,000, yaani zaidi ya mara ishirini. Sasa huyo aliyetoa dola 10,000 atazirudishaje? Hana njia ila kumzungusha ndovu mji hadi mji na kutoza watu pesa. Liko tangazo lililochapishwa Boston mwaka wa 1797. Kiingilio kilikuwa robo dola kwa mtu mzima, na watoto walipunguziwa. Tangazo linajisifu kwamba ndovu huyo hunywa vileo vya kila aina, na kwamba siku nyingine amewahi kunywa chupa 30 za bia nyeusi, akivitoa vizibo kwa mkonga wake mwenyewe. Ndovu wa miaka mitatu, jamani! Huyo ni wa kunyonya bado. Tangazo lilionya pia kwamba wageni wasimkaribie wakiwa na karatasi zao muhimu, kwa kuwa ameshaharibu nyingi. Niliposoma hapo nilicheka, sikatai. Halafu nikafikiria: ndovu wa umri ule akiwa porini hushinda akimpapasa mama yake na mashangazi zake kwa mkonga. Huyu hakuwa na wa kumpapasa, akawa anashika chochote kinachopita.

Kaka yetu atasema huo ulikuwa mwanzo tu, watu walikuwa bado washamba wa ndovu. Haya, twende mbele.

Huko Somers, katika jimbo la New York, aliishi mkulima na mfanyabiashara wa mifugo aliyeitwa Hachaliah Bailey. Huyu naye alijipatia ndovu jike, ambaye historia inamjua kwa jina la Old Bet, yaani Bet Mzee. Mwaka wa 1808 Bailey aliandikiana mkataba na wenzake wawili, kila mmoja akatoa dola 1,200 apate thuluthi ya faida ya ndovu huyo kwa mwaka mmoja. Ndovu mmoja, wenyewe watatu, kama matatu ya ushirika. Kuna kisa husimuliwa mpaka leo, ati mshirika mmoja alikawia kuleta fungu la Bailey, naye Bailey akamfuata na bunduki, akatangaza kwamba ataipiga risasi nusu yake ya ndovu. Mwenzake afanye atakavyo na nusu iliyobaki. Pesa zikatoka mara moja. Watu hukisimulia kisa hiki kama mzaha. Nami nasema mzaha huu umebeba ukweli wote wa biashara ile.

Lakini ushahidi wangu mkubwa si bunduki ya Bailey. Ushahidi wangu ni usiku. Enzi hizo hakukuwa na reli, kwa hivyo Old Bet alikwenda kwa miguu, mji baada ya mji, na alitembezwa gizani. Kwa nini gizani? Mchana watu wangemwona bure. Mchana alifichwa ghalani, na mwenye senti zake akaingia kumtazama. Hebu nambieni, wenzangu, ni mapenzi gani hayo? Mzee akinunua ng'ombe mzuri humpitisha katikati ya soko saa sita mchana ili kila mtu aone. Huyu alifichwa kama chang'aa. Wanaosema sarakasi iliwaletea watu ndovu wajue kwamba kazi ya kwanza ya sarakasi ilikuwa kumzuia ndovu asionekane.

Mwezi wa Julai 1816, karibu na mji wa Alfred katika jimbo la Maine, mkulima mmoja alijificha akampiga Old Bet risasi, akafa. Inasimuliwa kwamba alikasirishwa na kuona maskini wakitoa senti zao za mwisho kumwona mnyama. Mtetezi mkuu alimtaja mkulima huyo kama mshenzi aliyekosa elimu ya ndovu. Hapo naomba niseme polepole, kwa sababu mimi natoka Taita Taveta, na ndovu sikumjulia kwenye kalenda.

Nilikuwa darasa la sita walipoingia shambani kwetu. Mahindi yalikuwa yameshaanza kutoa ndevu. Baba alisimama na debe lake akilipiga, mama ametufungia ndani, na asubuhi hakukuwa na shamba, kulikuwa na uwanja. Fomu za fidia zilijazwa. Mpaka leo ni njoo kesho. Kwa hivyo msinifundishe hasira ya mkulima, naijua. Sasa tazameni mwaka wenyewe. Mwaka wa 1815 mlima wa volkeno uitwao Tambora, huko Indonesia, ulilipuka, majivu yakatanda angani, na 1816 upande ule wa Marekani ukakosa kiangazi. Theluji ilianguka mwezi wa Juni. Mahindi yaliungua kwa baridi mashambani. Mkulima wa Maine amekosa mavuno, na hapo barabarani anapita mtu anayekusanya senti za majirani zake kwa kuwaonyesha mnyama. Sisemi alifanya vyema. Bet hakumlia hata bua moja. Ninachosema ni kwamba mnyama ndiye aliyelipia ugomvi wa watu juu ya pesa, nao wahenga walishatuambia zinazoumia ni nyasi ndovu wakipigana. Hapa waliopigana ni nyasi, akaumia ndovu.

Na Bailey je, alilia? Mabaki ya Old Bet yalipelekwa New York yakaonyeshwa, na watu wakalipa tena. Mnamo 1825 Bailey akamaliza kujenga hoteli kubwa ya matofali pale Somers, akaiita Hoteli ya Ndovu, na 1827 akasimamisha mbele yake nguzo ya mawe yenye sanamu ya ndovu juu. Jengo hilo lingalipo, siku hizi ni ofisi za mji, na Somers hujivuna kuwa ndiko ilikozaliwa sarakasi ya Marekani. Sanamu ni nzuri, nimeiona pichani. Lakini nguzo iliyojengwa mbele ya hoteli mimi huiita kibao cha biashara.

Alifuata Little Bet. Huyu aliuawa Chepachet, jimbo la Rhode Island, usiku wa tarehe 25 Mei 1826, akivuka daraja baada ya maonyesho. Vijana walimvizia wakammiminia risasi. Inasemekana walisikia wenyewe wakijisifu kwamba ngozi yake haipenyi risasi, wakataka kuhakikisha. Mwaka wa 1976 wenyeji wakaweka kibao cha ukumbusho hapo darajani. Miaka 150 baadaye, tuseme ahsante.

Miaka ikasonga, akaja P. T. Barnum, bingwa wa matangazo. Mwaka wa 1850 alituma meli hadi Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka leo, ikarudi na ndovu wapatao kumi. Mmoja wao alimweka shambani kwake Bridgeport, jimbo la Connecticut, kando ya reli, akamfungia plau. Mtunzaji wake alivishwa mavazi ya Mashariki na kupewa ratiba ya garimoshi, ili kila abiria wanapopita wamkute ndovu akilima. Garimoshi likishapita, wanapumzika. Barnum mwenyewe aliyaandika haya katika kitabu cha maisha yake, tena bila haya hata kidogo. Watu wakamwandikia barua kumwuliza kama ndovu anafaa kwa kilimo! Naam, hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo ya sarakasi kuhusu ndovu.

Sasa Jumbo. Alikuwa ndovu wa Afrika kweli, hapo kaka yetu hakukosea. Alishikwa akiwa mtoto katika miaka ya mwanzo ya 1860, maeneo ya mpaka wa Sudan na Uhabeshi, akapelekwa Paris, kisha 1865 akahamishiwa bustani ya wanyama ya London. Jina alipewa huko Uingereza. Kuhusu hilo jina, wapo wanaosema ni Kiswahili, lakini Kiingereza cha mitaani kilikuwa na neno "jumbo" tangu 1823 angalau, kwa maana ya mtu mkubwa aliye mzito na mzembe wa kutembea. Kwa hivyo ile "jambo" iliyotushinda kwenye mdahalo haikuwa na mizizi. Na hata ingekuwa nayo! Mtu akimnyang'anya mama mtoto wake kisha akambatiza jina la lugha ya mama huyo, je, ameiheshimu lugha?

Kwa miaka mingi Jumbo aliwabeba watoto wa London mgongoni. Alipokua dume kamili akaanza kuvurugikiwa usiku na kugonga kuta, wakubwa wa bustani wakamwogopa. Waliochunguza mifupa yake miaka yetu hii walikuta meno yameota vibaya kwa kulishwa vyakula laini, na viungo vimechakaa kama vya mzee, ilhali alikufa akiwa na umri wa miaka 24 hivi. Mnyama alikuwa na maumivu, watu wakasema ana wazimu. Mwaka wa 1882 Barnum akamnunua kwa pauni 2,000. Ni kweli Uingereza ililia, na watoto wapatao 100,000 walimwandikia Malkia Victoria barua kumwomba azuie. Hakuzuia, na Jumbo akaenda.

Alidumu miaka mitatu na miezi kadhaa. Tarehe 15 Septemba 1885, pale Saint Thomas, Ontario, nchini Kanada, yeye na ndovu mdogo aitwaye Tom Thumb walikuwa wakipitishwa kwenye reli baada ya maonyesho ili wapandishwe mabehewani. Garimoshi la mizigo likawakuta. Mdogo alivunjika mguu, Jumbo akafa. Barnum akaeneza habari kwamba alikufa akimwokoa mwenzake. Kisha ngozi ikajazwa na kusimamishwa, mifupa ikaunganishwa na kusimamishwa kando yake, na vyote viwili vikazungushwa. Ndovu mmoja akawa maonyesho mawili. Haikutosha, akaletwa ndovu jike kutoka London, Alice, akatangazwa kuwa mjane wa Jumbo! Kiunzi cha mifupa kiko New York katika jumba la makumbusho. Ngozi iliungua kwa moto mwaka wa 1975 katika Chuo Kikuu cha Tufts, na majivu yake yakahifadhiwa katika chupa iliyokuwa ya siagi ya njugu. Hilo la mwisho halina faida kwa hoja yangu ila nilishindwa kulinyamazia.

Sasa ndipo kengele ilinidhulumu, maana nilitaka kuwarudisha Salem.

Merikebu za Salem, mji ule ule wa nahodha Crowninshield, zilianza kuja kwetu Pwani katika miaka ya 1820. Mwaka wa 1833 Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na balozi wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka wa 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Walileta kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu mpaka leo hukiita merekani. Walichukua sandarusi, karafuu, na pembe za ndovu. Pembe hizo zilitoka bara kwa mabega ya wapagazi, na nyingi ziliishia Connecticut, katika viwanda vya Deep River na Ivoryton (maana yake ni mji wa pembe, hawakujificha). Huko zilikatwa zikawa vitana na vibonye vya piano. Connecticut, jimbo lile lile la Barnum na plau yake.

Mnaona ninapoelekea? Bibi wa Kimarekani anampeleka mtoto sarakasini kumtazama Jumbo. Mtoto anampenda Jumbo, anampa njugu, anamlilia gazetini alipokufa. Jioni anarudi nyumbani kufanya mazoezi ya piano, na vidole vyake viko juu ya ndovu. Si ndovu mmoja. Wala hakuna aliyewalilia hao, kwa kuwa hawakuwa na jina, na hakuna aliyekata tikiti kuwaona. Miaka ile ile ambayo sarakasi ilikuwa ikivuma zaidi Marekani, ndiyo miaka ambayo misafara ya pembe ilikuwa ikizidi kuingia bara kwa sababu ndovu wa karibu na Pwani walikuwa wamekwisha. Kama sarakasi ilifundisha mapenzi, basi wanafunzi wake walifeli mtihani, na karatasi ya mtihani ilikuwa ndani ya sebule zao.

Kuna mwenzangu wa upande wa pili aliyeniambia baada ya mdahalo, tukiwa kwenye foleni, kwamba bila sarakasi Wamarekani wa leo wasingejali kabisa. Huenda. Lakini tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi alipowasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, hakuwa ametumwa na sarakasi. Na tarehe 30 Aprili 2016 zilipochomwa tani 105 hapo hapo, kesho yake, Mei mosi, sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey, mrithi wa Barnum mwenyewe, iliwatoa ndovu wake ulingoni kwa mara ya mwisho. Mji mmoja walikofanyia maonyesho hayo ya mwisho ni Providence, Rhode Island, jimbo lile lile la daraja la Little Bet. Ilifunga milango 2017, ikarudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Na watu bado wanakata tikiti! Yaani ndovu hakuhitajika tangu hapo.

Kwa hivyo namwomba Mwenyekiti airudishe hoja hii muhula ujao. Kaka yetu wa Kidato cha Nne ajibu haya kabla hajaingia kwenye mtihani wake wa mwisho, ninamheshimu na ninajua atakuja amejiandaa. Sisi tupewe dakika kumi kila upande. Na tafadhali, mtunza saa apewe githeri yake mapema.